Dar es Salaam kwa Masikio

Muuza kahawa wa Dar es Salaam hana haja ya kupaza sauti. Mkono mmoja umebeba birika na jiko lake la makaa, mwingine unagonganisha vikombe vidogo, na mlio huo peke yake unawatosha wanywaji waliokaa barazani. Mng'arisha viatu hugonga brashi kwenye kisanduku chake. Muuza sigara na karanga hutikisa sarafu kiganjani, anayepaka watu rangi za kucha hugonganisha vichupa, na fundi wa kutembea, cherehani begani, huchezesha mkasi. Mama aliye jikoni, dirisha limefungwa, anajua nani anapita. Sare ya mtoto ikiwa imechanika, anajua pia amwite yupi.

Kuujua mji kwa namna hii kuna watu waliokufanya kuwa taaluma. Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko Kanada, mtunzi wa muziki R. Murray Schafer alianzisha mradi wa kuchunguza sauti za mazingira katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser. Mwenzake, Hildegard Westerkamp, aliandika mwaka 1974 kuhusu matembezi ambayo shabaha yake ni kusikiliza tu. Mtu huanza na vishindo vya miguu yake mwenyewe, kisha huliachia sikio lifuate sauti za mbali zaidi.

Kwa Dar es Salaam, pa kuanzia ni Kivukoni, alfajiri. Kunguru wa shingo ya kijivu, ndege wa asili ya India walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 kisha wakaenea pwani, wameshaamka. Pantoni ya Kigamboni inapiga honi. Pale soko la Feri wanadi wanataja bei za samaki kwa kasi inayomwacha mgeni hoi, ilhali wanunuzi hawapitwi hata na shilingi. Barabarani konda anapiga kofi bodi la daladala. Dereva hageuki, anaondoa gari.

Kariakoo hali ni nyingine. Spika zenye sauti iliyorekodiwa zinarudia bei ileile kutwa nzima, duka hili likishindana na lile, na katikati yake vikombe vya muuza kahawa havisikiki kabisa. Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2015, lakini hasara hii ni zaidi ya maumivu ya masikio: ishara ambazo wakazi wote walizielewa zinafunikwa na mashine moja yenye sauti kubwa.

Kundi la Schafer lilitoa rekodi za sauti za Vancouver mwaka 1973, na mwaka 1996 zikatoka nyingine za mji huohuo, hivyo msikilizaji anaweza kulinganisha. Dar es Salaam inastahili kazi kama hiyo, na leo simu ya mkononi inatosha kuianza. Wa kurekodiwa kwanza ni hawa wanaotembea na vikombe, mikasi na sarafu, tena katika mitaa ambako spika hazijafika.