Usalama nyumbani: etajeri isimwangukie mtoto

Ndugu mfanyakazi, kule chini ya mgodi hupiti mahali ambapo mwamba wa juu haujashikwa vizuri. Lakini nyumbani pengine unakula kila siku chini ya kitu kizito kilichopigwa misumari miwili. Leo tuongee juu ya etajeri, ile pana ya mbao isiyoonyesha miguu, inayopendeza kwa redio na sahani.

Hatari yake ni upana. Chukua etajeri inayotoka ukutani sentimita 30, uweke kilo 20 kwenye ukingo wa mbele. Ikiwa vise zimepita katika boriti sentimita 6 juu ya ukingo wake wa chini, zinavutwa kwa nguvu ya kilo 100, pasipo kuhesabu uzito wa mbao yenyewe: 20 mara 30, gawanya kwa 6. Ni kazi ile ile ya mtaimbo unapong'oa jiwe. Sogeza mzigo huo mpaka sentimita 10 toka ukutani, nguvu inashuka mpaka kilo 33 hivi. Mama, sufuria nzito zikae nyuma.

Kata boriti ya mulombwa mkavu, kimo sentimita 8, unene 4. Toka nyuma yake piga vise ndefu ziingie katika mikono minne ya mbao, kila mmoja sentimita 24. Funga boriti ukutani, ukipima kwa nivo. Mwishoni utavisha juu yake sanduku jembamba lililo wazi nyuma, kama ala juu ya kisu. Mbao mbichi ikatae: itajikunja ikikauka, na vise zitalegea. Mbao za masanduku ya baruti usizilete nyumbani hata moja, sababu zinaweza kuwa na mabaki ya baruti.

Ukuta je? Toboa tofali la kuchoma lenyewe, si lipu wala maungio, utie viziba vya plastiki vinavyolingana na vise. Matofali mabichi ya udongo hayashiki mzigo huu; hapo tia miguu mpaka chini, wala usione haya. Zima umeme kwanza, na usitoboe juu ao chini ya priza na swichi, sababu nyaya hupita humo. Vaa maski. Vumbi la tofali lina silika, kama lile la mgodini, na la mulombwa huwasha pua. Watoto watoke, kabla ya kufagia nyunyiza maji, umeme ukiwa bado umezimwa.

Kabla ya kuvisha sanduku, laza ubao juu ya mikono, upakie mchanga mara mbili ya mzigo utakaoweka, uache usiku mzima na mlango umefungwa. Asubuhi chungulia juu ya boriti. Ukiona mwanya kati yake na ukuta, hata mwembamba kama karatasi, shusha yote, utafute vise ndefu zaidi. Hata ikishika, usiiweke juu ya kitanda cha mtoto.