Raha ya Kutojua: Kinachowasukuma Watu Kununua na Kuuza Hisa

Mwaka 2002 Taiwan ilianzisha bahati nasibu ya taifa, na katika kipindi hichohicho wingi wa hisa zilizokuwa zikibadilishana mikono katika soko la Taipei ukapungua kwa kiwango cha kuonekana, ingawa tiketi ya bahati nasibu haiongezi wala haipunguzi hata senti moja katika faida ya kampuni yoyote ambayo hisa zake huuzwa sokoni humo. Watafiti wawili, Xiaohui Gao na Tse-Chun Lin, walilifuata jambo hilo kwa undani zaidi, na mwaka 2015 wakachapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kitita cha bahati nasibu kilipozidi dola milioni 500 za Taiwan, biashara ya hisa zinazopendwa na wawekezaji binafsi, yaani watu wa kawaida wanaotumia fedha zao wenyewe, ilishuka kwa kati ya asilimia 5.2 na 9.1. Mtu anayenunua hisa kwa ajili ya faida tu hana sababu ya kuziacha siku ambayo kitita kimenona. Anayezinunua kwa ajili ya msisimko anayo, kwa kuwa siku hiyo msisimko unapatikana mahali pengine kwa bei nafuu.

Swali la faida au raha limewasumbua wanauchumi kwa muda mrefu kuliko wanavyopenda kukiri. Mwaka 1982 Paul Milgrom na Nancy Stokey walithibitisha kihesabu kwamba, kama wote walio sokoni wangekuwa na akili timamu na kila mmoja akajua kwamba wenzake nao wanayo, mtu hangeweza kumuuzia mwenzake hisa kwa sababu tu ana habari nzuri zaidi, maana utayari wa kuuza ungekuwa wenyewe ni habari, na mnunuzi angeisoma habari hiyo na kurudisha mkono mfukoni. Hata hivyo hisa huuzwa kila siku kwa mamilioni. Miaka minne baadaye Fischer Black, mmoja wa waasisi wa hesabu za kisasa za fedha, alizungumzia watu wanaofanya biashara kwa kufuata kelele badala ya habari, na miongoni mwa sababu alizozitaja ni kwamba huenda watu hao wanapenda tu kufanya biashara. Aliipitia sababu hiyo haraka mno, na wengi waliomsoma wakaipita pia.

Kuhusu faida yenyewe, takwimu hazina huruma. Brad Barber na Terrance Odean walichunguza kaya 66,465 za Marekani zilizokuwa na akaunti kwa dalali mmoja wa hisa kati ya mwaka 1991 na 1996, wakakuta kwamba kundi lililonunua na kuuza mara nyingi zaidi lilipata wastani wa asilimia 11.4 kwa mwaka wakati soko zima lilitoa asilimia 17.9. Sehemu kubwa ya pengo hilo haikutokana na kuchagua kampuni mbovu, bali ilitokana na gharama za kila muamala, yaani kamisheni ya dalali na tofauti kati ya bei ya kununulia na bei ya kuuzia. Huko Taiwan watafiti hao, wakishirikiana na wenzao wawili, walikadiria kwamba hasara waliyoipata wawekezaji binafsi kwa kununua na kuuza ililingana na asilimia 2.2 ya pato la taifa kila mwaka. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba watu hujiamini kupita kiasi, na maelezo hayo yana ukweli wake, lakini yanaeleza kwa nini mtu aanze na hayaelezi kwa nini arudi kesho yake baada ya hesabu kumkataa.

Ushahidi unaoelekeza kwenye raha ulitoka mahali ambapo haukutarajiwa, nao ni faini za barabarani. Mark Grinblatt na Matti Keloharju, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, waliunganisha kumbukumbu za biashara ya hisa nchini Finland na kumbukumbu za madereva walioadhibiwa kwa mwendo kasi katika mkoa wa Uusimaa, ulio na jiji la Helsinki, wakaona kwamba wenye faini nyingi ndio walionunua na kuuza hisa mara nyingi zaidi. Ili kutenganisha kupenda msisimko na kujiamini, walitumia pia vipimo vya saikolojia ambavyo jeshi la Finland huwapa vijana wanaoingia jeshini, na tabia hizo mbili zilijitokeza kila moja na uzito wake. Mwaka huohuo Daniel Dorn na Paul Sengmueller, waliowahoji zaidi ya wateja 1,000 wa dalali mmoja wa Ujerumani na kulinganisha majibu yao na miamala yao halisi, walikuta kwamba waliosema wanafurahia uwekezaji au kamari walizungusha hisa zao kwa kasi mara mbili ya wenzao.

Raha hiyo inatengenezwaje ndani ya kichwa cha mtu ambaye, kwa wastani, anapoteza? Jibu zuri kuliko yote linaanzia kwa nyani wenye kiu. Wolfram Schultz, akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Fribourg nchini Uswisi, alirekodi mlio wa umeme wa seli moja moja zinazotoa dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupelekeana ujumbe kuhusu mambo yenye thamani. Katika miaka ya 1990 ilibainika kwamba seli hizo hazitangazi zawadi yenyewe, bali hutangaza tofauti kati ya zawadi iliyopatikana na ile iliyokuwa ikitarajiwa: tone la maji ya tunda lisilotarajiwa huzifanya zirindime, tone lililotarajiwa kikamilifu haliziamshi, na tone lililotarajiwa lisipokuja huzinyamazisha.

Jambo la kustaajabisha lilikuja mwaka 2003, katika jaribio ambalo Schultz alilifanya pamoja na Christopher Fiorillo na Philippe Tobler. Nyani walionyeshwa picha mbalimbali kwenye kioo, na kila picha ilikuwa na ahadi yake: moja haikuleta maji ya tunda kamwe, nyingine iliyaleta mara moja katika kila nne, nyingine nusu ya nyakati, nyingine mara tatu katika nne, na ya mwisho kila mara. Picha ilikaa kwa takriban sekunde mbili, kisha maji yakaja au yasije. Picha ilipotokea, seli za dopamini zilirindima kwa kadiri ya ukubwa wa ahadi, kama nadharia ilivyokuwa imesema, lakini baada ya hapo, katika zile sekunde mbili za kungoja ambapo hakuna kilichokuwa kikitendeka, kulionekana kitu kipya: mrindimo ulianza kupanda polepole, ukaendelea kupanda hadi ukingoni mwa jibu, na mwinuko huo ulikuwa mkubwa kuliko wote kwa picha ya nusu kwa nusu. Kwa picha za robo na robo tatu mwinuko ulikuwepo lakini ulikuwa mdogo zaidi, na kwa picha mbili za uhakika, ile isiyoleta kamwe na ile iletayo daima, haukuwepo.

Inafaa kusimama hapo kidogo, kwa sababu maana yake ni kinyume cha mazoea ya kufikiri. Nyani aliyehakikishiwa zawadi kila mara alikuwa na mali zaidi, lakini aliyengojea nusu kwa nusu ndiye aliyekuwa na seli zenye shughuli nyingi zaidi wakati wa kungoja. Wanahisabati wana kipimo cha hali hiyo: uwezekano wa kupata ukizidishwa kwa uwezekano wa kukosa hutoa 0.25 penye nusu kwa nusu, hushuka hadi 0.1875 penye robo au robo tatu, na hutoweka kabisa penye uhakika wa aina yoyote ile. Mwinuko wa dopamini ulikwenda na kipimo hicho, haukwenda na ukubwa wa tarajio. Tena, nyani walipoahidiwa kwamba maji yatakuja kwa hakika ila kiasi chake kinaweza kuwa kikubwa au kidogo, mwinuko uliongezeka kadiri viasi hivyo viwili vilivyoachana, kana kwamba ubongo una mizani ya pekee ya kupimia kutojua. Wapo wataalamu waliosema kwamba mwinuko huo huenda umetokana na namna ya kukokotoa wastani wa majaribio mengi, na mjadala huo wa kihesabu unaweza kuachiwa wao.

Sasa itazamwe bei ya hisa. Kwa soko la Marekani, ambalo kumbukumbu zake ni ndefu, siku ambazo fahirisi, yaani kipimo cha wastani wa bei za hisa zote kubwa, hupanda ni zaidi kidogo tu ya nusu ya siku zote, ilhali miaka ambayo hupanda ni takriban mitatu katika kila minne. Anayenunua asubuhi na kuuza jioni amejichagulia, bila kujua, ile picha ya nusu kwa nusu, na akichagua hisa ambayo bei yake huruka sana ameongeza pia umbali kati ya zawadi kubwa na ndogo, kwa hiyo amepandisha mizani zote mbili kwa pamoja. Anayenunua na kukaa miaka 20 amesogea upande wa picha ya uhakika, ambako kuna fedha zaidi na mrindimo mchache. Muda wa kushikilia hisa, unaoonekana katika vitabu vya uwekezaji kuwa ni suala la mkakati, unageuka kuwa kifundo cha kuongezea au kupunguzia sauti ya dopamini.

Wavuvi wa pwani wanaijua tofauti hiyo bila seli wala nyani. Mwenye dema, ule mtego wa kusukwa wenye mdomo ambao samaki huingia asipate njia ya kutoka, huuzamisha kando ya mwamba, hurudi nyumbani kulala, na kesho yake huuinua akiwa na changu na tasi wa kutosha jikoni na wa ziada wa kuuza. Hakuna mtu aliyewahi kukosa usingizi kwa hamu ya kuliangalia dema. Mwenye mshipi hukaa juani na uzi umepita juu ya kidole cha shahada, na kila mtikisiko unaomfikia kutoka chini huweza kuwa kolekole au mwani au mkondo tu, akavuta, akakuta chambo kimeliwa na ndoana tupu, akatia kingine. Chambo ndiyo kamisheni yake, kwani hulipwa samaki akija na asipokuja. Mwisho wa siku dema huwa limemshinda kwa kilo, lakini mwenye mshipi hatakubali kubadilishana naye, na akiulizwa atasema anatafuta kitoweo, jambo ambalo si uongo, kwa kuwa mshipi usio na ndoana hautikisi kidole cha mtu yeyote. Hapo ndipo swali la faida au raha linapovunjika: bila fedha halisi kuwekwa rehani, kutojua hakuna thamani, na anayedai kwamba anatafuta faida anasema kweli kuhusu ndoana huku akinyamaza kuhusu kidole.

Kutoka kwa nyani hadi kwa binadamu hatua si ndefu. Camelia Kuhnen na Brian Knutson waliwaweka watu ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo huku wakichagua kati ya hisa mbili na dhamana isiyo na hatari, na matokeo yao ya mwaka 2005 yalionyesha kwamba nukliasi akumbensi, fundo dogo la seli linalopokea dopamini kwa wingi, lilichangamka kabla ya mtu kuchagua hisa yenye hatari, yaani kabla ya kujua lolote kuhusu matokeo.

Waundaji wa programu za simu za kununulia hisa waliuelewa mtambo huu wa msisimko mapema. Robinhood, kampuni ya California iliyoondoa kamisheni kabisa, ilikuwa ikimwagia kioo cha mteja vipande vya karatasi za rangi kusherehekea muamala, hadi mwezi Desemba 2020 wasimamizi wa masoko ya mitaji wa jimbo la Massachusetts walipoishtaki kwa kugeuza uwekezaji kuwa mchezo, na mwezi Machi 2021 ikaziondoa karatasi hizo. Sehemu hiyo ya mashtaka ililenga mapambo, ingawa kilichovuta zaidi ni kuondolewa kwa kamisheni, maana mwenye mshipi aliyepewa chambo bure hana sababu ya kuupumzisha mkono. Kwa soko la Dar es Salaam, lililoanza kuuza hisa mwezi Aprili 1998, hali ni tofauti, kwa kuwa hisa za kampuni kadhaa huweza kupitisha siku nzima bila muamala, na bei isiyotikisika haimsisimui mtu; kijana anayetafuta mtikisiko huupata katika kubashiri matokeo ya mpira, ambako jibu huja baada ya dakika 90.

Wasimamizi wa Ulaya walijaribu njia nyingine. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya iliwalazimisha wanaouza mikataba ya kubashiri mabadiliko ya bei, ikiwemo bei za hisa, kumwonyesha kila mteja asilimia ya akaunti zinazopata hasara, baada ya uchunguzi kuonyesha kwamba akaunti za watu binafsi zilizopoteza fedha zilikuwa kati ya asilimia 74 na 89. Tahadhari hiyo imeandikwa kwa ajili ya mtu anayetafuta faida, naye huenda ikamsaidia. Kwa yule anayetafuta msisimko, hata kama idadi hiyo ingechukuliwa kuwa ndiyo uwezekano wa kupoteza katika kila muamala, hasara tatu katika kila nne ingemwachia kipimo cha 0.1875, ambacho ni robo tatu ya kilele.