Bahari Ikirudi Nyuma, Kimbia!

Msomaji mpenzi, wewe unayekaa Ngokolo, labda utasema: "Mambo ya bahari yanatuhusu nini sisi wa Shinyanga? Sisi twaogopa ukame, si mawimbi." Ngoja kwanza. Je, huna mtoto au ndugu aliyekwenda Dar es Salaam au Tanga kusoma au kutafuta kazi? Basi soma habari hii, kisha umweleze.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 26 Desemba 2004, sikukuu ya Familia Takatifu. Karibu saa kumi alfajiri kwa saa zetu, nchi ilitetemeka chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, huko Indonesia. Mchana ule ule mawimbi yalikuwa yamekwisha kuvuka Bahari ya Hindi na kufika pwani yetu. Katika Tanzania walikufa watu 10 au zaidi, wengi wao vijana waliokuwa wakiogelea. Kenya, ambako polisi waliwaondoa watu ufukoni, alikufa mmoja. Katika nchi zote walikufa zaidi ya 220,000.

Mawimbi hayo huitwa tsunami, neno la Kijapani. Hayaletwi na upepo. Weka maji katika beseni, kisha ulipige kwa chini: maji yote yatashtuka. Ndivyo ilivyo baharini. Vipande vikubwa vya ardhi husukumana chini ya maji, hunasa miaka mingi, halafu hufyatuka ghafula kama mtego. Katika kilindi mawimbi hukimbia kilomita 700 au 800 kwa saa, wala mwenye chombo hayatambui. Yakifika maji machache hupunguza mwendo na kuinuka juu.

Sasa sikia habari ya kisiwa cha Simeulue, karibu kabisa na mahali pa tetemeko. Mwaka 1907 tsunami iliwaua wengi huko. Tangu hapo wazee waliwasimulia wajukuu: "Nchi ikitetemeka sana na bahari ikirudi nyuma, kimbieni mlimani." Mwaka 2004 watu wapatao 78,000 walikimbia. Walikufa 7 tu. Hawakuwa na king'ora; walikuwa na maneno ya babu zao.

Enyi wazazi, waambieni watoto wenu mambo haya. Bahari ikikauka ghafula, wasiende kuokota samaki. Wakimbilie mahali pa juu. Wasingoje dalili hiyo peke yake, kwa maana mara nyingine maji hujaa bila kurudi nyuma kwanza. Tetemeko la mbali halisikiki kwetu. Kwa hiyo redio ikitoa onyo la Mamlaka ya Hali ya Hewa, watii mara moja. Wala wasirudi upesi, maana wimbi la kwanza hufuatwa na mengine, na pengine la nyuma ndilo kubwa.

Mungu ametupa akili ili tuutunze uhai aliotupa. Jioni ya leo, mkiisha kusali Rozari, wasimulieni watoto habari ya Simeulue.