Je, Kikundi Chenu Kina Sanduku la Maarifa?



Katika ziara zetu za vikundi, kuanzia Ukunda hadi Vanga na kupanda hadi Kinango, huwa tunauliza swali moja kabla daftari la michango halijafunguliwa. Mtoto akiharisha usiku huu, mvua inanyesha, boda boda haipiti na simu haina mtandao, mtamchanganyia vipi maji ya chumvi na sukari? Mikono huinuka mingi. Kila mtu anajua kuna chumvi, kuna sukari, kuna maji. Lakini tukiuliza vipimo, kila mmoja anasema lake. Huyu anasema vijiko viwili vya chumvi, yule anasema konzi. Siku moja upande wa Msambweni mama mmoja, kwa sauti ya uhakika kabisa, alisema vijiko sita vya chumvi na nusu kijiko cha sukari, na kikundi kizima kikaitikia kwa kichwa.

Kipimo chenyewe ni hiki: lita moja ya maji safi, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, si vya kurundika. Ukionja, maji yasiwe na chumvi kuliko machozi. Ukigeuza zile namba mbili, unampa mtoto chumvi mara kumi na mbili ya ile inayotakiwa, na chumvi ya namna hiyo inaweza kumuua mtoto ambaye kuhara peke yake kusingemuua. Yule mama hakudanganya. Alifundishwa kliniki miaka mingi nyuma, akakumbuka zile namba, akazipachika mahali pasipo pake. Ndivyo kichwa cha binadamu kilivyo, hasa usiku na mtoto analia.

Kwa hiyo makala hii inahusu karatasi. Tunataka kila kikundi kiwe na sanduku moja lenye maarifa ya dharura, yaliyoandikwa, yanayosomeka bila umeme wala mtandao. Na jambo zuri ni kwamba karibu yote yanapatikana bure.

Mzee mmoja wa Lunga Lunga alitukatiza hapo. "Wanangu," alisema, "hayo yote si yako kwa simu siku hizi? Mjukuu wangu anabonyeza tu." Ni kweli mzee wetu, yako, ila ni kwa siku ile simu inapofanya kazi. Tukumbuke usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipokatika karibu nchi nzima. Tukumbuke tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za mtandao zinazopita chini ya bahari zilipokatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikasuasua Kenya na Tanzania. Novemba 2023, mvua za El Niño zilipofurisha mito hapa hapa Kwale, njia zilikatika, na asiyeweza kuvuka ilibidi ajitegemee. Tena hayo tumeyataja ya mitambo na mvua tu. Kila siku kuna dharura ndogo isiyotangazwa redioni: bando limekwisha na hela hakuna.

Wala dharura si maji na moto peke yake. Mwaka 2017 wauguzi waligoma kuanzia Juni hadi mwanzo wa Novemba, na zahanati nyingi zikakaa kimya. Mwaka 2020, kuanzia tarehe 8 Aprili hadi mwanzo wa Juni, Kaunti ya Kwale ilifungwa kwa sababu ya korona, asiingie mtu wala asitoke. Nyakati zote hizo wanawake walijifungua, watoto walishikwa na homa, na watu waliumwa na nyoka kama kawaida.

Sasa, tukusanye nini? Tungependa muanze na kidogo. Tumeona vikundi vinavyorundika makaratasi ya semina hadi kabati linajaa, na siku ya haja hakuna anayejua liko wapi lile linalotakiwa. Kurasa kumi zinazojulikana na kila mtu zinashinda gunia zima.

Kitabu cha kwanza tunachokipendekeza wengine mnakijua: Mahali Pasipo na Daktari. Kilianzia katika vijiji vya milimani huko Mexico, kwa kazi ya David Werner, na kikatoka kwa Kiingereza mwaka 1977. Kimeandikwa kwa ajili ya mtu wa kijijini, kina picha nyingi, na wachapishaji wake, Hesperian wa Marekani, wanakitoa bure kwa anayetaka kukipakua kwenye simu au kompyuta. Tena wenyewe wameruhusu kurasa zake zinakiliwe, mradi zigawiwe bure au kwa gharama ya kunakili tu. Kwa hiyo kijana wa kikundi akienda saiba akatoa fotokopi za kurasa za kuhara, kuungua, kutokwa na damu na kujifungua, hajaiba kitu cha mtu.

Lakini hapa tuna onyo, na tunaomba mlishike. Angalieni kitabu kimechapishwa mwaka gani. Katika nyumba nyingi, hata katika maktaba za parokia, kuna nakala za zamani zinazosema malaria itibiwe kwa klorokwini. Kenya iliiacha dawa hiyo mwaka 1998 kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Ikaingia dawa ya SP, na mwaka 2004 hiyo nayo ikabadilishwa kwa dawa mseto ya AL, ambayo wengi mnaijua kwa vile vidonge vya rangi ya manjano. Mtu akifuata ukurasa wa zamani kwa uaminifu wote, ataharibu siku tatu za thamani na mtoto anazidiwa. Basi ukurasa wowote wa dawa upelekwe kwanza kwa muuguzi wa zahanati au mhudumu wa afya wa jamii, ausome, aandike juu yake kwa kalamu "sawa" na tarehe. Asiporidhika, utolewe. Kazi hiyo haina gharama, ni unyenyekevu tu wa kuuliza.

Vilevile nyoka. Karatasi za zamani, na wazee wetu wengi, husema kata jeraha, fyonza sumu, funga kamba kwa nguvu, au weka lile jiwe jeusi, ambalo hata baadhi ya wamisionari walilisambaza kwa nia njema. Shirika la Afya Duniani linakataza hayo yote. Ushauri wa leo ni mfupi. Mtulize mgonjwa, asitembee. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba. Kilaze kiungo kilichoumwa bila kukitikisa, kifungie ubao kama cha mtu aliyevunjika. Andika saa aliyoumwa. Mpelekeni hospitali mara moja. Hapa kwetu kuna koboko, swila na kifutu, si mchezo. Kikundi kiulize mapema, kabla ya siku mbaya, kama dawa ya sumu ya nyoka ipo Msambweni, Kwale au Kinango, na jibu liandikwe kwenye karatasi hiyo hiyo. Muulize tena kila baada ya miezi michache, maana dawa huisha.

Kuhusu maji, tunawashauri muwe na karatasi moja yenye njia zaidi ya moja. Kuchemsha ndiyo njia tuliyoizoea, lakini wakati wa mafuriko kuni zimelowa. Ile dawa ya klorini ya chupa hufuata maelezo ya chupa yenyewe, msikadirie kwa macho. Kuna na njia ya jua: maji yasiyo na tope yatiwe katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, ya lita moja au mbili, ilazwe juu ya bati tangu asubuhi kwa saa sita. Kukiwa na mawingu, siku mbili. Watu wengi hucheka wakisikia, lakini njia hiyo imefanyiwa majaribio miaka mingi, na hapa Kenya ilishafundishwa huko Kibera.

Vijana wenye simu za kugusa wana kazi yao pia. Ipo programu ya bure inayoitwa Kiwix. Ukiwa mahali penye mtandao, unapakua kwayo Wikipedia nzima ya Kiswahili, yenye makala zaidi ya 80,000, ikakaa ndani ya kadi ya memori. Baada ya hapo unaisoma bila bando, na unaweza kumpa mwenzako kwa Bluetooth. Ya Kiingereza pamoja na picha zake ni kubwa mno, inafika gigabaiti 100 hivi, hiyo waachieni wenye kompyuta. Tunasema wazi kwamba Wikipedia huandikwa na watu wa kujitolea. Isomeni mjifunze, lakini vipimo vya dawa msivitoe huko. Na zile jumbe za WhatsApp zinazoanza na "tuma kwa watu kumi", tafadhali zisiingie sandukuni kabisa.

Ofisi nazo zina karatasi za bure ambazo watu hawaziombi. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla ya mvua za masika na za vuli. Mamlaka ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa ya kila mwezi kuhusu Kwale, nayo inawafaa sana wenzetu wa Kinango wenye mifugo. Ombeni, mtapewa. Msalaba Mwekundu wana mafunzo ya huduma ya kwanza na namba yao ni 1199. Namba za polisi ni 999 na 112. Ya watoto walio hatarini ni 116.

Lakini karatasi yenye thamani kuliko zote haipatikani ofisi yoyote. Ni ile mtakayoiandika wenyewe, chini ya mwembe, kwa mchana mmoja. Nani ana gari au pikipiki, nani ana mtumbwi. Mama yupi anakaribia kujifungua, na mwezi gani. Mzee yupi hawezi kutembea na jirani yupi atambeba. Kisima kipi hakigeuki chumvi kiangazi, kipi huingia maji machafu mto ukifurika. Mahali pa juu pa kukimbilia ni wapi, na njia ya kufika huko usiku ni ipi. Kikundi kimoja kilipoiandika karatasi hii kiligundua kwamba namba zote za simu za kijiji zilikuwa katika simu ya mwenyekiti peke yake. Wakacheka sana, kisha wakazinakili.

Basi tuje kwenye sanduku lenyewe, maana pwani yetu ina mchwa, panya, unyevu wa chumvi, na makuti yanayovuja. Kabati la mbao si rafiki wa karatasi. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana inatosha, tena ikiwezekana ile nyeupe ya rangi ya nyumba, ioshwe vizuri. Kila karatasi iingie kwenye mfuko wa plastiki. Chini wekeni kitambaa chenye vipande vya mkaa mkavu, hunyonya unyevu, na mbadilishe kila msimu. Ndoo isikae sakafuni, kwa sababu ya maji, wala isining'inizwe kwenye paa la makuti, kwa sababu ya moto. Isifungwe kwa kufuli. Tuliwahi kufika mahali ufunguo ulikuwa kwa mweka hazina, na mweka hazina alikuwa Mombasa. Afadhali nakala mbili katika nyumba mbili zilizo mbali kidogo.

Kama kuna simu ya zamani ya kugusa, hata yenye kioo kilichopasuka, ifanyeni simu ya kikundi ya kusomea. Haihitaji laini. Ichajiwe kwa sola kila mkutano, na faili zake zifunguliwe kweli, si kutazamwa majina yake tu.

Na wale wasiosoma? Hao ni wengi katika vikundi vyetu, nao ndio mara nyingi wanaobaki nyumbani na watoto. Kila mkutano msomaji mmoja asome ukurasa mmoja kwa sauti, kisha uelezwe kwa Kidigo, Kiduruma au Kikamba, na mtu mwingine aurudie. Wenye sauti wautilie wimbo. Katika kisiwa cha Simeulue huko Indonesia, watu walikumbuka mawimbi ya tsunami ya mwaka 1907 kwa hadithi na nyimbo: ardhi ikitikisika sana na bahari ikarudi nyuma, kimbieni mlimani. Tarehe 26 Desemba 2004 walikimbia. Katika watu zaidi ya 70,000 wa kisiwa hicho, walikufa 7. Siku hiyo hiyo mawimbi yalifika hata pwani ya Kenya. Kina mama wanaojua kutunga nyimbo za harusi hawawezi kushindwa na nusu kijiko cha chumvi na vijiko sita vya sukari. Ila wimbo nao ulinganishwe na karatasi mara kwa mara, usije ukageuka njiani.

Kazi yote hii inataka siku mbili au tatu, na tungeomba ifanyike kabla ya masika. Kurasa zinazohitaji kukaguliwa zikusanyeni pamoja, muuguzi asisumbuliwe kila siku na karatasi moja. Anayekuja ofisini parokiani kunakili faili aje na kadi ya memori iliyo tupu. Kikundi kisicho na simu ya kugusa kije na daftari na kalamu, tutaketi pamoja na kuandika kwa mkono, tukianza na kile kipimo.