Je, Wajua? Tope la Ziwa Magadi Linatengeneza Gesi

Maji ya Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, yana pH ya karibu 10, yaani ni alkali kali. Samaki hawayawezi, isipokuwa perege mmoja mkaidi. Lakini ndani ya tope la chini, kusikofika oksijeni, vijidudu visivyoonekana kwa macho vinatengeneza methani, gesi ileile inayowaka kwenye majiko ya gesi ya samadi.

Vijidudu hivi si bakteria. Ni arkea, ukoo mwingine kabisa wa viumbe, na oksijeni kwao ni sumu.

Kimojawapo, Methanosalsum zhilinae, kilielezwa kisayansi mwaka 1988. Kwanza kilipatikana Wadi el Natrun nchini Misri, bonde ambako Wamisri wa kale walichimba magadi ya kukaushia maiti. Hustawi zaidi pH ikikaribia 9.2, hivyo maji ya kisima cha kawaida yangekishinda. Hula methanoli na methilamini, zinazopatikana viumbe wa ziwani wakioza. Hapo kimecheza vizuri: vijidudu vinavyotumia salfeti hugombania hidrojeni na asetati, ila methanoli na methilamini havizichangamkii sana.

Mwaka 1997 watafiti walieleza aina nyingine ya kijidudu hichohicho, iliyotoka Ziwa Magadi lenyewe.