Nyaya Nyembamba Kifuani mwa Armstrong

Katika ibada ya kumkumbuka Neil Armstrong mjini Washington, Septemba 2012, mmoja wa waliozungumza alikuwa Gene Cernan, rubani mwenzake ambaye naye alikanyaga mwezi. Cernan aliwachekesha waombolezaji. Alisimulia jinsi Armstrong alivyolijibu swali la mafuta kukaribia kwisha alipokuwa akitua mwezini: geji ikisoma sifuri, kila rubani anajua bado galoni moja mbili zimo.

Marubani humkumbuka hivyo, mtu asiyepapatika. Mwaka 1951, vitani Korea, ndege yake ilikatika kipande cha bawa akajirusha kwa parachuti. Mei 1968 chombo cha kujifunzia kutua mwezini kilimgomea, akafyatuka na kiti chake, na chombo kikaanguka na kuwaka moto. Wenzake walimkuta ofisini siku hiyohiyo, anachapa kazi.

Agosti 7, 2012, siku mbili baada ya kutimiza miaka 82, alifanyiwa upasuaji wa moyo huko Ohio. Tarehe 25 akafariki. Familia ilitaja matatizo yaliyofuata upasuaji, kauli tunayoisikia misibani kila siku bila kujua ndani yake kuna nini. Kwake yeye undani ulijulikana mwaka 2019, gazeti la New York Times lilipochapisha habari za mgogoro uliokuwa umezimwa kimyakimya.

Upasuaji wenyewe ni wa kushona mishipa mipya ili damu izunguke pale ilipoziba. Kabla ya kufunga kifua, daktari hushikiza nyaya nyembamba juu ya moyo na kuzitoa nje ya ngozi, chini kidogo ya kidari. Huunganishwa na kijisanduku cha umeme, mapigo yakilegea yasukumwe. Baada ya siku chache hazihitajiki tena. Mhudumu huzivuta taratibu kwa mkono, pale pale kitandani. Kwa wagonjwa walio wengi hakuna linalotokea.

Mara chache waya hutoka na kijeraha. Damu huvujia kwenye mfuko unaouzunguka moyo, na mfuko huo ni kama gunia, hautanuki upesi. Ikiingia ghafla damu ya ujazo wa kikombe cha chai tu, moyo unabanwa, haujai, na usipojaa hauna cha kusukuma. Presha inashuka, mapigo yanakwenda mbio, mishipa ya shingo inatuna, mgonjwa anahema na kuhangaika. Ndiyo maana nyaya zikishatolewa mgonjwa hulazwa atulie, apimwe tena na tena. Ndugu aliye kando ya kitanda akiona dalili hizo amwite nesi papo hapo, asione haya.

Kwa Armstrong, kwa mujibu wa gazeti hilo, damu ilianza kuvuja muuguzi alipozitoa nyaya. Alipelekwa kwanza kwenye chumba cha kupitishia mirija ya moyo, kisha ndipo chumba cha upasuaji. Hapo ndipo wataalamu walipogawanyika: je, ilikuwa sawa kuanzia kwenye mirija? Hospitali iliitetea huduma yake, lakini ikailipa familia dola milioni 6. Kutoa damu kwa sindano, kazi inayoweza kufanyika kwenye chumba hicho cha kwanza, hupunguza shinikizo, ila hakuzibi tundu. Kwa mgonjwa aliyetoka kushonwa kifua, ambaye presha inaporomoka, mimi naungana na waliosema angepelekwa moja kwa moja kwa mpasuaji.