Desemba, Njia ya Kaskazini

Wiki ya Krismasi ukitumwa dukani kwa Mangi huko Sinza au Tabata, usishangae kukuta kufuli. Foleni za Dar es Salaam zimepungua, fundi hapokei simu, wakili kasogeza kesi hadi Januari. Watani wetu wana maelezo yao: Wachaga wamekwenda kuhesabiwa. Asiyefika, wanasema, anatozwa faini na wazee, na akikaidi anafutwa kwenye daftari.

Tunacheka nao. Faini haipo, daftari halipo, ila kuhesabiwa kupo. Watu wa nje hudhani tunafuata Krismasi. Krismasi ni tarehe iliyoangukia pazuri tu, shule zikiwa zimefungwa na waajiri wakiwa wapole. Tunachokifuata sisi ni kihamba.

Kihamba ni shamba la ukoo, ekari moja au mbili, mara nyingi hata moja haifiki. Migomba imetawala, kahawa iko chini ya kivuli chake, magimbi kando ya mfereji, banda la ng'ombe anayeletewa majani alipo, nyumba katikati, na makaburi ya wazee hatua chache kutoka uani. Mwaka 2011 FAO waliutambua mfumo huu, kwa mfano wa Shimbwe Juu huko Uru, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Bibi zetu hawakuhitaji kuambiwa.

Kwa mila, mtoto wa kiume wa kwanza baba humpatia kihamba chake. Wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi, awatunze hadi wazikwe, kisha iwe yake. Wa kati je? Wa kati hujitafutia. Enzi za mababu hilo halikuwa tatizo, kwani mlima ulikuwa na nafasi na mtu aliweza kuonyeshwa pori akalifyeka. Baadaye mlima ukajaa. Kahawa nayo ikaipandisha ardhi thamani, na tangu chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilipoanzishwa mwaka 1933, hakuna aliyekuwa na haja ya kumgawia ndugu hata kipande cha bustani. Wa kati akashuka. Alianza na Moshi mjini, akaendelea Arusha, Tanga, Dar es Salaam, Mwanza, akafungua duka. Kwa hiyo ukiuona msafara wa Desemba pale Chalinze, magari yamebeba magodoro juu na watoto wamelala nyuma, ujue wengi humo ni watoto wa kati, au wajukuu wa watoto wa kati. Ardhi hawakupewa, lakini jina wanalo, na jina lisiloonekana nyumbani miaka mitatu minne huanza kusahaulika siku mipaka inapopimwa.

Kutoka Dar hadi Moshi ni kilomita kama 560. Wenye mabasi wanaanzia stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, na tangu 2023 yaliporuhusiwa tena kutembea usiku, wengi hupanda jioni na kuamkia Himo. Tangu Desemba 2019 treni nayo imerudi hadi Moshi, baada ya reli ile kukaa bila abiria kwa zaidi ya miaka ishirini. Ni safari ya taratibu, na wazee wanaipenda kwa sababu unaweza kunyoosha miguu. Mimi bado ni mtu wa gari dogo na mchana. Kulala njia nzima kutoka Chalinze hadi Mwanga ni kujipunja.

Chalinze unakunja kulia, unaiacha barabara ya Morogoro, na hapo ndipo safari inapoanza kweli. Unapita Msata, wanakotokezea waliopitia Bagamoyo, kisha unateremka Wami. Daraja la zamani lilikuwa jembamba, magari yakipishana kwa kusubiriana, na kila dereva alikuwa na hadithi ya ajali aliyoiona pale. Jipya lilianza kutumika mwaka 2022, nasi sasa tunalivuka bila hata kukatiza mazungumzo.

Kinachotesa kwingine kote ni kibao cha 50. Kila kijiji kina chake, na chini ya mwembe ulio jirani yupo askari na tochi yake. Ndiyo maana madereva wasiojuana wanawashiana taa njia nzima: ukimulikwa mara mbili na anayekuja, punguza mwendo, kuna watu mbele. Sijui udugu mwingine wa kitaifa unaofanya kazi vizuri kuliko huu.

Mkata na Kabuku ni machungwa yaliyopangwa mafungu mafungu kandokando ya lami. Ukishapita Segera, mkonge unaanza, mistari iliyonyooka inayokwenda hadi jicho linapochoka. Zao hili lililetwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche aliyoagiza kutoka Florida ilikuwa elfu moja, ikafika mizima 62 tu, na hiyo ndiyo iliyozaa mashamba yote yale. Wazee wetu kadhaa waliwahi kuja kuyakata kwa mkataba, kabla kahawa haijawatosha.

Korogwe wengi wanateremka kula. Mimi hungoja Mombo, kwa sababu ya matunda. Milima ya Usambara imesimama mkono wa kulia, kijani iliyokolea, na kinachoshuka kutoka Lushoto kinauzwa pale njia panda. Desemba ni msimu wa plamu. Akina mama wanakuja na ndoo hadi dirishani, unaonjeshwa moja, unanunua ndoo nzima, na kabla ya Hedaru watoto wameimaliza nusu na kuchafua viti.

Baada ya Mombo nchi inakauka ghafla. Milima inaizuia mvua itokayo baharini, na upande huu wa nyuma unabaki miiba, mibuyu na vumbi jekundu. Hapa tumo kwa Wapare, watani wetu wa jirani kabisa. Tunasema Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wao wanajibu kwamba Mchaga akizimia usihangaike na daktari, dondosha sarafu sakafuni, asipoinuka ndipo utafute jeneza. Niliwahi kusimama Same kujaza upepo, na kijana wa pancha aliponisikia lafudhi akadai malipo kwanza. "Nyie nawajua," akasema. Nikamlipa, akanipa chenji pungufu makusudi, nikaidai, akapiga makofi kwa furaha: hoja yake imethibitika.

Kutoka Mwanga kila mmoja garini ananyamaza na kutazama mbele. Kibo haonekani kwa miadi. Mchana mwingi amejifunika, na mgeni anaweza kufika Moshi, akalala, akaondoka bila kuamini kwamba pale pana mlima wa mita 5,895. Ila jioni, jua likishalegea, wingu hufunguka kama pazia, na watoto wa mjini wanapiga kelele. Mzee akiwemo garini ataeleza tena kwa nini Mawenzi amechanikachanika vile: alikuwa jirani mvivu, kila siku kuomba moto kwa Kibo, mpaka Kibo alipochoka akamtandika kwa mchi. Hadithi hiyo, nadhani, ilitungwa na mtu aliyekuwa na shemeji wa namna hiyo.

Himo tunakunja kulia na kuanza kupanda. Vioo vinateremshwa. Ndani ya dakika chache joto la Same limesahaulika, unanusa majani mabichi na moshi wa kuni, na ukoo mzima unaonekana kutembea barabarani. Sisi ni watu wa Vunjo. Wa Rombo wataendelea Mkuu hadi Tarakea, wa Kibosho na Machame watakuwa wamekwenda upande wa pili wa Moshi. Wote ni Wachaga, lakini Mrombo na Mmachame wakitaka kuelewana vizuri hutumia Kiswahili.

Mikono mitupu hairuhusiwi. Sukari, mchele, mafuta ya kula, kitenge cha mama, blanketi la baba mkubwa, na mikate, hata kama duka la mikate liko hatua mia kutoka nyumbani. Mkate wa Dar una hadhi ambayo sijawahi kuielewa. Mama anatoka jikoni akijifuta mikono. "Shimbonyi," unamwamkia, naye anaitika huku tayari anakukagua. "Mbona umekonda hivi? Huko hamli?" Kumjibu kwamba umeongezeka kilo sita ni kupoteza muda. Mtori uko mezani: ndizi mshare na nyama ya ng'ombe, vimepikwa vikapondwa hadi kijiko kinasimama.

Kisha mbege. Ili inyweke Krismasi, ilianza kushughulikiwa wiki nzima kabla. Ndizi zilizoiva sana zinachemshwa saa nyingi hadi zigeuke rangi ya udongo, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, zinachujwa. Kando, ulezi umeoteshwa, umekaushwa, umesagwa na kupikwa uji, na humo gome la msesewe linatia ule uchungu unaoubana utamu wa ndizi. Vikichanganywa, kesho yake pombe iko tayari, nzito, na povu la ulezi juu. Anayeigawa lazima aonje kwanza mbele ya wote. Ni adabu, na pia ni ushahidi kwamba hakuna kilichotiwa ndani. Kata ya kwanza ni ya mzee kuliko wote, ambaye huishika kwa mikono miwili na kusema maneno machache kwa walio chini ya migomba kabla ya kunywa. Mchungaji akiwepo, maneno hayo hufupishwa. Walutheri wa Leipzig walifika huku mwaka 1893, na mapadre wa Kilema walikuwa wametangulia kidogo. Katika miaka yote hiyo mbege na kanisa vimejifunza kupishana mlangoni.

Mbuzi huchinjwa kesho yake na wanaume, chini ya mgomba, na ni pale anapokatwa ndipo mgeni angeweza kuusoma ukoo wetu wote bila kuuliza. Kila kiungo kina mwenyewe. Kidari ni cha mzee, vipande vingine vina shangazi, vina wajomba, vina mke wa kaka mkubwa, na kijana anayeshika kisu anasahihishwa kwa sauti kila akikosea. Damu na matumbo vinaingia kwenye kisusio, supu inayonywewa papo hapo. Niliwahi kuona mgawo wa mtu aliyeko Canada ukitengwa na kufungwa kwenye jani la mgomba. Aliuchukua mama yake, na ukoo ukawa umemtaja.

Tarehe 26 na kuendelea ndizo siku za kazi. Kuna ubatizo, ndoa, makaburi ya kuwekewa vigae, na kikao cha ukoo. Kikao kina mwenyekiti, katibu na mhazini, na michango inasomwa kwa majina. Ada ya mtoto wa marehemu fulani, bomba la maji, tuta la barabara. Halafu yanakuja ya mipaka. Mpaka wa kihamba huoteshwa masale, mmea wa majani marefu usiokufa kirahisi, na jani hilohilo ndilo la kuombea msamaha: aliyekosa akikujia na isale mkononi, kumkatalia ni kujitafutia laana. Nimewaona ndugu wawili wasiosemezana kwa sababu ya hatua mbili za ardhi. Mdogo alikata isale palepale kwenye mstari waliokuwa wakiugombania, akalipeleka kwa kaka yake. Kaka alilipokea. Hatua mbili zilibaki pale zilipokuwa, lakini walikula pamoja.

Jambo moja hata isale haliwezi kulimaliza. Mila ilimtegemea kitinda mimba abaki, na siku hizi kitinda mimba naye ana kazi Dodoma. Kuna majumba mazuri mlimani, ya vigae na madirisha ya alumini, yanayofunguliwa wiki mbili kwa mwaka, na ndani ya uzio kuna mama mwenye miaka themanini na kijana wa kuajiriwa anayekata majani ya ng'ombe. Wakati huohuo, wanaowajengea mama zao, wanaolipa bima, wanaopiga simu kila jioni, ukihesabu kwa haki, wengi ni mabinti, ambao kwa mila hawarithi kihamba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi. Vikao vingi vya ukoo bado vinaisoma polepole.

Chetu kililazimika kuisoma haraka zaidi. Dada yetu mkubwa, muuguzi mstaafu, alisimama akasema yuko tayari kurudi kukaa na mama moja kwa moja, alime, afuge, ila nyumba na kihamba viandikwe jina lake. Baba mdogo aliuliza akifa vitakwenda kwa nani, maana watoto wake ni wa ukoo mwingine. Dada akamuuliza yeye, aliyekaa mlimani miaka yote, ni lini mara ya mwisho alimpeleka shemeji yake hospitali. Vijana wakacheka, wazee wakaomba kata nyingine izunguke. Mabishano yalikwenda hadi taa zikawashwa. Mwishowe iliundwa kamati ya watu watatu ilete mapendekezo kabla ya Pasaka, na kwa kuwa hakuna mwingine mwenye mwandiko unaosomeka, katibu wake ni dada.